Eti Tunakula Bata

Leo asubuhi, hata mswaki sijapiga, nakuta picha yangu kwenye grupu la ukoo. Mke wangu kaituma usiku nikiwa nimelala. Nimesimama darajani, kofia imejaa theluji, nyuma kasri, meno yote nje. Chini yake binamu yangu wa Tabata kaandika: "Wenzetu mnakula bata tu." Shangazi kaweka mioyo sita. Mjomba, ambaye kwenye grupu lile hajawahi kuandika zaidi ya "Poleni na msiba", safari hii kaandika "Hongereni."

Huyo bata nataka tumzungumze.

Kwanza yale meno hayakuwa kicheko. Hapo ni digrii 6 chini ya sifuri, upepo unapanda kutoka mto Vltava, taya limeganda likiwa wazi, na mwenye simu akaona amepata tabasamu. Nchi yenyewe inaitwa Ucheki na, ndugu zangu, kule hucheki.

Wazo halikuwa langu. Sisi tunaishi Dresden, Praha ni treni ya saa mbili na nusu hivi, na kila Mswahili wa hapa ameshakwenda. Kila mwaka nilikuwa na sababu. Mwaka huu sababu zimeisha. "Siku mbili tu, Baba," mke wangu akasema, "mimi na wewe, bila watoto." Sasa mwanamke mliyeoana miaka 14 akikuambia "mimi na wewe", unamjibu nini? Unamjibu kwamba hiyo hela ni ya bati la nyumba yetu ya Kibaha? Nilimjibu hivyo. Tukaenda.

Daraja lile lilianzishwa na mfalme Karolo IV mwaka 1357. Mita 516, masanamu 30, mie nikiyahesabu kwa miguu isiyo na habari na mwili. Wanasimulia kwamba chokaa yake ilikorogwa na mayai, miji yote ikaagizwa kuchanga, na mji mmoja ukaogopa yatavunjika njiani, ukayachemsha kwanza. Hao watu nawajua, wako kwenye kila kamati ya harusi niliyowahi kukaa. Katikati kuna sanamu ya padri aliyetupwa mtoni mwaka 1393, na chini yake shaba inayong'aa kwa kushikwashikwa: eti ukiigusa, utarudi Praha. Mikono yangu nikaizamisha mfukoni. Mke wangu akagusa mara mbili. "Moja yangu," akasema, "moja yako."

Kanisa kuu la Mtakatifu Vitus walianza kulijenga 1344, wakalimaliza 1929. Tangu nisikie hivyo sijamsumbua tena fundi wangu wa Kibaha.

Choo ni cha kulipia, na hapo sina neno, sisi wa stendi tunajua. Tiketi ya tramu, hata ukishainunua, haijawa tiketi mpaka uigonge muhuri kwenye kijisanduku. Hilo nitalieleza siku nyingine, nikiwa na mwanasheria.

Lakini nyama. Naomba tukae hapo kwenye nyama.

Uwanja wa Mji Mkongwe mwezi wa Desemba una soko la Krismasi. Giza limeshaingia, na nikisema giza nasema giza la saa kumi jioni. Harufu ikatukuta njiani. Mapaja mazima ya nguruwe, kila moja kama mtoto wa chekechea, yanazungushwa taratibu juu ya moto wa kuni, mafuta yanadondoka, moto unalia chwaaa. Nikasimama. Machozi yalinilenga, na hayakuwa ya moshi. Mimi ni mtu wa kitimoto. Miaka yote ya Ujerumani nimekula nguruwe wa kila umbo, wa kusokomezwa kwenye utumbo, wa kopo, wa kukatwa mwembamba kama risiti. Lakini nguruwe wa moto wa kuni, anayepimwa kwenye mizani mbele ya macho yako, huyo nilimwacha Dar.

Kibao kimeandikwa 120. Koruna hizo, hela ya kwao. Nikagawa kwa 25 kichwani: euro 5 kasoro. Nikamgeukia mke wangu na sauti ya mwenye nyumba.

"Leo utakula mpaka useme basi."

Mke wangu akawa anasoma kibao. Yeye ni mtu wa kusoma vibao.

"Baba, pale chini pameandikwa kitu."

"Kicheki hicho."

"Ni namba, Baba."

"Namba za Kicheki."

Nikasogea kaunta kwa mwendo wa mteja wa siku nyingi. Muuzaji ni kijana wa mashavu mekundu, kisu chake kama panga la miwa. Akaniuliza kwa Kiingereza, kiasi gani? Hapa ndipo mtu mzima anapojulikana. Nyama ya kupima hutaji kiasi, unaelekeza. Nikanyoosha kidole: hapo, kwenye ngozi iliyokauka. Teremka. Teremka tena. Hapo penye mafuta kidogo, usiparuke. Kijana anakata, mizani inapanda, mie sisomi mizani, nasoma nyama. Akauliza, imetosha? Nikamwambia kama nilivyokuwa nikimwambia mchoma nyama wangu wa Sinza: ongezea kidogo cha mteja. Naapa alielewa! Akaongeza pande zima. Nikageuka nione mke wangu anavyonistaajabia. Kweli alikuwa anastaajabu, ila macho yako kwenye mizani.

Gramu 740. Koruna 888.

Nikacheka. Nikamwonyesha kibao: 120. Kijana, bila hasira, akakichukua, akakisogeza kwenye taa, akaweka ukucha wake wenye mafuta kwenye pembe ya chini. Pale, kwa maandishi ambayo hata siafu angeazima miwani, palikuwa pameandikwa 100 g.

Gramu mia! Nani ananunua nyama kwa gramu mia? Dhahabu ndiyo inauzwa hivyo, huko Geita, na mtu anajua kabisa kwamba amekuja kununua dhahabu. Gramu mia ni ya kuonja. Ni ile unayochomolewa kwenye ncha ya kisu ukiwa bado unaamua!

Nikajaribu ustaarabu. "Kijana wangu, punguza nusu." Haiwezekani, imeshakatwa. "Basi robo." Nyuma yangu kuna foleni ya Wajerumani, na mimi naishi nao, najua wanavyopumua wakicheleweshwa. Nikatafuta sentensi nzuri ya Kiingereza yenye hadhi. Niliipata. Ikagoma kutoka. Iliyotoka ilikuwa ya Kiswahili na ilifika mpaka kwenye mti wa Krismasi: "Laki moja ya madafu! Kwa hela hiyo nyumbani napewa kinguruwe kinachotembea!"

Kijana akaniwekea vipande viwili vya mkate kando ya nyama. Moyo ukalainika kidogo. Nikauliza, hivi ni nyongeza? Hapana. Vina bei yake.

Tukala tumesimama, kimya, kwenye meza ndefu isiyo na kiti. Nyama ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kila pande nikawa nalikadiria: hili koruna 40, hili 60, hili ni nauli ya kurudi. Kipande kimoja kikamponyoka mke wangu, kikatua kwenye theluji. Tukakitazama wote wawili. Kisha akanitazama mimi.

"Usithubutu," akasema.

Hatua chache kutoka pale kuna saa ya mnarani ya mwaka 1410. Umati wote umeinua simu. Kiunzi cha mifupa kikavuta kamba ya kengele, mitume 12 wakapita dirishani harakaharaka kama wanadaiwa, jogoo akawika, kwisha. Hata dakika haikutimia. Pembeni yake kuna sanamu ya bahili anatikisa mfuko wa hela. Mke wangu akampiga picha yeye, halafu akanipiga mimi. Hizo hakuzituma kwenye grupu.

Ila saa ile ina jambo moja, na hapa naomba niseme ukweli, ilinigusa. Miongoni mwa hesabu zake ipo inayoanza jua likichomoza, saa moja, saa mbili, mpaka 12, kama ya kwetu! Nina miaka nawafafanulia wafanyakazi wenzangu Dresden kwa nini mama yangu akisema saa tatu asubuhi ana akili timamu, kumbe ushahidi uko ukutani kwa majirani zao. Tofauti ni kwamba hesabu hiyo mchana ukiwa mfupi bado inaugawa kwa 12, kwa hiyo mwezi wa Desemba saa moja inakuwa kama dakika 40. Nikamwambia mke wangu, tudai hoteli iturudishie chenji. Hakujibu.

Siku ya kuondoka tukapita mtaa wenye mabeseni makubwa ya samaki hai. Ndio kitoweo chao cha Krismasi, wanamwita kapr. Mke wangu ni wa Mwanza. Akainama, akamtazama mmoja machoni muda mrefu.

"Huyu ni sato aliyekata tamaa," akasema.

Mama mmoja anayepara magamba akatuambia kwamba wao huweka gamba la samaki huyo kwenye pochi ili hela isikauke mwaka mzima. Mke wangu akaomba moja. Nikauliza bei kwanza. Bure. Akalipangusa kwenye koti langu, akalitia kwenye pochi yangu, akaifunga yeye mwenyewe.

Sasa hivi ninapoandika, binamu wa Tabata ametoka kwenye grupu kaja faragha. "Kaka, hongereni sana kwa bata. Hapa nina dharura kidogo, hata elfu hamsini tu. Na ya kutolea."

Nimefungua pochi. Gamba lipo. Limeanza kunuka.