Msituambie Tumalize Kimoja Kwanza

Kuna ushauri ambao kila mwanamke anayeshona nyumbani ameshapewa, na mara nyingi hupewa na mtu ambaye hajawahi kutunga uzi kwenye sindano: maliza kimoja kwanza, ndipo uanze kingine. Wifi yangu huniambia hivyo kwa upendo kabisa, kila akija akakuta gauni la mtoto halijatiwa mikono, blanketi la vipande vya vitenge limekunjwa juu ya kabati, na kofia ya mume wangu imefika nusu. "Wifi, mshika mbili moja humponyoka." Namheshimu sana wifi yangu, lakini kwa hili hatukubaliani hata kidogo.

Anayetoa ushauri huo anachukulia kwamba kushona ni kazi ya namna moja, ukiikalia unaikalia mpaka iishe. Waulize wanaoshona. Kupima na kukata kunataka akili iliyotulia, sakafu safi na mlango uliofungwa, maana kitambaa kikishakatwa hakirudi. Kuunga kwa cherehani kunataka mwanga wa mchana na nyumba ambayo haina mtoto aliyelala. Kupiga bandi, kukunga pindo na kubandika vifungo kunataka mapaja tu na taa, na unaweza kuvifanya huku mtoto anakusomea kitabu chake cha shule. Kufumua nako, kazi isiyopendwa na yeyote, kunafanyika hata ukiwa umechoka, ilimradi macho bado yanaona.

Sasa mchukue mtu mwenye ajira, watoto na jiko, hapa hapa Dar es Salaam, anayetoka nyumbani kabla ya jua na kurudi baada ya foleni. Huyu hapati mchana mzima wa kushona. Anapata nusu saa wali ukiwa unakauka, anapata saa moja usiku watoto wakishalala, anapata Jumamosi asubuhi akibahatika asialikwe msibani wala kwenye kikao cha harusi. Ukimwambia amalize gauni kwanza, na gauni lenyewe limefika mahali pa kukata bitana, basi siku zote za wiki atakaa mikono mitupu akiisubiri Jumamosi ambayo pengine haitakuja. Mwenye gauni la kukata, blanketi la kuunga na kofia ya mkono ana la kufanya katika kila saa anayoipata. Ndiyo maana mimi ninazo zote tatu, na nitaendelea kuwa nazo.

Wala hili halikuanza na sisi wa leo. Tazama kofia za mkono za Zanzibar, zile za kitambaa cheupe zilizojaa vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Kofia nzuri humchukua mshonaji wiki nyingi, hata miezi. Je, miezi hiyo huyo mwanamke hakupika? Hakufua? Hakwenda kumwona mgonjwa? Bibi yangu mzaa mama, aliyekulia Unguja, kofia yake ilikaa siku zote kwenye kikapu chake kidogo, na kikapu hakikubanduka ubavuni pake. Akishaweka maharage jikoni anaitoa kofia. Akipiga hodi jirani, mazungumzo yanaendelea na sindano inaendelea. Kazi ile imeundwa kwa maisha ya namna hiyo. Kitundu kimoja unakitoboa, unakipanua, kisha unakizungushia uzi, mshono ubavuni mwa mshono, ukiuvuta kwa nguvu ile ile kila mara, mpaka ukingo unakuwa mgumu na duara linasimama lenyewe. Ukiitwa katikati, kilichokatizwa ni kitundu kimoja. Kofia iko palepale inakungoja.

Ng'ambo ya bahari wako watu ambao historia yao inatugusa, na blanketi zao zinalisema jambo hili vizuri kuliko mimi. Wasiddi wa jimbo la Karnataka, India, ni uzao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, wengi wao wakiwa watumwa, na baadhi wakitoka upande huu wetu wa Afrika Mashariki. Wanawake wao hushona blanketi wanazoziita kawandi, kwa nguo kuukuu na sari zilizochakaa. Hawapangi kwanza mchoro mzima. Wanatandika kitambaa cha chini, wanaanzia kwenye kona, wanaweka kipande, wanakunja ukingo wake na kukishona kwa mkono, kisha kinachofuata, wakizunguka pembezoni na kuingia ndani pole pole hadi wakutane katikati. Mwishoni kila kona hutiwa vipande vidogo vilivyokunjwa, waviitavyo phula, yaani maua, na kwao blanketi lisilo na maua hayo ni kama liko uchi.

Nilipoufahamu ushonaji huo nilifurahi, kwa sababu ni kazi ambayo unaweza kuiacha mahali popote na kuirudia bila kupoteza chochote. Kila duru ni hatua iliyokamilika. Mwanamke mwenye shamba na watoto ndiye anayebuni ufundi wa namna hiyo.

Blanketi langu mimi ni la mraba kwa mraba, na hilo lina masharti makali zaidi. Chukua kitanda cha futi 5 kwa 6. Hiyo ni inchi 60 kwa 72. Ukitaka miraba ya inchi 6, unahitaji safu 12 zenye vipande 10 kila moja, jumla vipande 120, na kila kimoja unakikata inchi 6 na nusu ili robo inchi iingie kwenye mshono kila upande. Hapo ndipo penye hatari. Mshono ukila thumni moja tu ya inchi kuliko ulivyopanga, unapoteza robo inchi katika kila kiungo, maana vinaliwa vipande viwili. Safu ya vipande 10 ina viungo 9. Hesabu mwenyewe: safu imepungua inchi 2 na robo, na haitakutana na safu ya juu yake uliyoishona siku ambayo mkono ulikuwa umetulia. Kwa hiyo vipande vya blanketi havishonwi usiku wa manane baada ya siku ya kugombana na hesabu za ofisini. Vishonwe mchana, viwili viwili, jozi jozi. Kila jozi ikishapigwa pasi ni mahali pa kuacha. Usiku tushone kofia, au tukunge.

(Na kwa kuwa tuko hapo hapo: kitenge kipya kifueni kabla ya kukikata, na khanga mpya ndiyo kabisa, wanga wote utoke. Pamba hunywea. Kipande kilichonywea kikiungwa na ambacho bado, blanketi lote litajikunja siku ya kufuliwa. Nyekundu na buluu iliyokoza zijaribuni kwanza juu ya kitambaa cheupe chenye maji. Zikichuja, zifueni peke yake mpaka maji yatoke safi.)

Mwenye kushika kazi mbili za namna tofauti ananufaika hata na yale asiyoyapanga. Wakati wa mgao wa umeme, mwishoni mwa 2023 na kuingia 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji haujaanza kazi Februari 2024, niliona wenzangu wengi wenye mashine za umeme wamekata tamaa kabisa. Gauni liko chini ya sindano na sindano haiendi. Aliyekuwa na kazi ya mkono kwenye mfuko aliendelea. Aliyerithi cherehani ya miguu ya mama yake, ile Butterfly nyeusi au Singer yenye meza ya mbao, aliendelea pia, na ndiyo sababu nasema kila siku, msiziuze hizo mashine kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Zinahitaji mafuta, mkanda na mguu wako, basi.

Sasa niseme nilipo na wifi yangu kwa pamoja, kwa sababu hajakosea chote. Mshika mbili humponyoka kweli, endapo zote mbili zinang'ang'ania mkono ule ule kwa saa ile ile. Magauni mawili yanayosubiri kukatwa Jumamosi asubuhi ni kazi mbili zinazogombana, na moja itaumia. Blanketi mbili za miraba ni hivyo hivyo. Kabla sijafungua kitambaa kipya huwa najiuliza jambo moja tu: hii inataka saa gani? Kama saa hiyo ina mwenyewe tayari, kitambaa kinabaki kwenye karatasi yake, hata kiwe kizuri namna gani, hata kama mwenye duka Kariakoo ameapa kwamba rangi ile hairudi tena. Huo ndio mpaka wangu, na ni mgumu kuushika kuliko kanuni ya kimoja kimoja.

Halafu kuna suala la kipi kitangulie. Hapa pia naona watu wanaangalia kilichoanza kwanza. Mimi naangalia mwili na tarehe. Gauni la mtoto wa miaka mitano halingoji, mabega yanapanuka wakati wewe unatafuta zipu. Sketi ya shule ina Januari yake. Blanketi linaweza kukaa mwaka mzima juu ya kabati na halitapungua urefu, kwa hiyo kulipisha gauni si uvivu. Mama mmoja mtaani kwetu alisikitika mbele yangu kwamba blanketi la mjukuu wake limekuwa kama deni linalomsuta kila akipita. Nilimwambia kwa moyo wangu wote, mama, mjukuu yupo, vitambaa vipo, hakuna anayekudai.

Kinachoiharibu kazi iliyowekwa kando ni kusahau ulipofikia, na hilo lina dawa rahisi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, hakuna nyumba Tanzania isiyo na rundo la ile mifuko mbadala. Kila kazi naipa mfuko wake. Ndani unaingia mshono wenyewe, uzi wa rangi yake, sindano ikiwa imeshatungwa uzi, subana, vifungo au lastiki inayohusika, na karatasi iliyopachikwa kwa pini kwenye kitambaa. Kwenye karatasi naandika vipimo na hatua inayofuata kwa maneno machache: "mkono wa kushoto bado, punguza kiuno nusu inchi." Hayo maneno nayaandika wakati naacha, huku kichwa bado kinajua. Ukirudi baada ya mwezi hujiulizi chochote, unaukuta mkono wa kushoto unakungoja. Na sindano iliyotungwa uzi si jambo dogo. Mtu aliyechoka akikuta uzi umeshatungwa ataketi. Asipoukuta, ataiacha kazi na kushika simu.

Lipo shinikizo jingine ambalo linaniudhi zaidi ya hilo la kumaliza, nalo ni la kuuza. Onyesha tu kitambaa cha kichwa cha kochi ulichokifuma, mtu atasema, "Hii ungefungua biashara." Nia ni njema, na wapo wanawake ambao cherehani imewasomeshea watoto, nawavulia kofia. Lakini ukishachukua oda, saa zako hazichagui tena kazi. Tarehe ya mteja inachagua. Nusu saa ya wali kukauka, ambayo ilikuwa ya kofia, inakuwa ya kupindua kola ya mtu ambaye kesho anapiga simu. Huwezi kuwa fundi katika vipande vya siku bila kumwangusha mtu, na tunajua wote jinsi mafundi wanavyosemwa vibaya hapa mjini kwa ahadi za "kesho njoo". Wengi wao si waongo. Wana nguo nyingi za watu zinazogombea saa zile zile mbili za mchana, na kila mwenye nguo anadhani yuko peke yake.

Kwa hiyo nguo zenye tarehe ya watu wengi, sare za harusi ya ukoo, kanzu za vijana, magauni ya Idi, mimi sizishoni tena nyumbani. Nampelekea fundi mwezi wa Shabani, mapema, kabla ya Ramadhani kuingia na foleni kufika barabarani, namwachia vipimo vimeandikwa vizuri na bitana nimeshanunua. Namlipa bei aliyosema bila kuomba punguzo, kisha narudi nyumbani kwenye mifuko yangu.