Shahada ya mahusiano kazini: inamfaa nani?

Kijana akisema anataka kusomea mahusiano kazini chuo kikuu, yaani fani ya uhusiano kati ya mwajiri na wafanyakazi, nyumbani huulizwa: kwa nini usisome sheria tu? Si swali la kupuuzwa. Mwanasheria ana mlango wa uwakili. Huyu mwingine, wengi huamini, ataishia ofisi ya utumishi akipanga mafaili ya likizo.

Mimi naona kazi yake inaanza kabla ya wakili kuitwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na ni juu yake kuthibitisha hayo. Aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sasa chukua kiwanda ambako mtu ametakiwa kujieleza kwa maandishi leo, na kikao cha nidhamu kimepangwa kesho asubuhi. Muda wa kujiandaa hana, mtu wa kumsindikiza hana. Anayehitajika hapo ni mtu aliyeusoma mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, na mwenye ujasiri wa kumwambia meneja asubiri.

Ila mshahara wa mtaalamu huyo mara nyingi hutoka kwa mwajiri, na hilo linanisumbua kuliko suala la uwakili. Elimu ambayo chimbuko lake ni migomo kama ule wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam mwaka 1947 inaweza kugeuzwa ujuzi wa kufukuza watu bila kushindwa kesi.

Wapo wanaosema utetezi wa wafanyakazi haufundishwi darasani, nao wanamtaja Rashidi Kawawa, aliyekuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika lililoundwa mwaka 1955, bila shahada ya fani hii. Ni kweli. Lakini kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi leo hukaa mezani na mwajiri aliyekuja na mwanasheria pamoja na hesabu za kampuni. Uchungu wa kazi peke yake hausomi mizania.

Kwa hiyo ningemruhusu mwanangu asome. Ila kabla hajajaza fomu, akaulize chuoni wanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo ya vitendo. Kama ni kwa maofisa rasilimali watu tu, na hakuna hata mmoja anayepelekwa chama cha wafanyakazi, atafute chuo kingine.