Umeme mkubaliane kabla ya kuhamia

Nimefurahi sana kusoma habari ya hawa vijana wa Moshi wanaotaka kupanga nyumba moja kule Rau, waishi pamoja miezi mitatu wakijifunza kusikilizana. Wazo hili si geni kwetu. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba watu waingie vijiji vya ujamaa kwa hiari. Kuanzia 1973 ikawa amri, na wengi wakahamishwa kwa nguvu. Kuishi pamoja ni kwa hiari, kwa hiyo atakayeshindwa akiwa kwenye mwezi wake wa pili humo, aondoke kwa amani na kodi yake iliyobaki arudishiwe.

Mimi nimeishi miaka sita nyumba ya vyumba nane, choo kimoja, LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Mpangaji mmoja alikuwa na friji, mimi nina taa tu, na mchango ulikuwa sawa. Tulinuniana hadi salamu zikaisha! Aliyetuokoa ni mama wa chumba cha mwisho. Jioni moja alitandika mkeka uani, akatuita wote, akawa anamenya ndizi za mtori huku kila mtu akisema lake bila kukatizwa. Ndizi hazijaisha, mwenye friji mwenyewe akasema atalipa mara mbili.

Basi wadogo zangu, hilo la umeme mlimalize mapema. Na mkajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, majirani wasije wakasikia habari zenu kwa watu wa pembeni. Kama bado kuna chumba, binti yangu yuko tayari kuja.