Acheni leleshwa zisimame

Ukiteremka kutoka Nairobi kwa barabara ya Mai Mahiu, ukaupita mlima Longonot kuelekea Naivasha na Gilgil, utaona vichaka vya rangi ya majivu vimejaa pande zote. Upepo ukivuma, majani hugeuka na kuonyesha tumbo lake jeupe, na bonde zima hung'aa kama fedha. Hiyo ndiyo leleshwa. Wamaasai huiita olleleshwa, na mtaa wa Kileleshwa kule Nairobi umepata jina lake kwayo, ingawa siku hizi mtaani humo utaona maghorofa kabla hujaona leleshwa hata moja.

Niliponunua ploti yangu karibu na Gilgil, nilizikuta leleshwa kumi na nne. Nilizihesabu. Nikamwomba aliyekuja kusafisha kiwanja aniachie zile za mpakani. Jumamosi iliyofuata nilikuta vumbi tupu, na pembeni rundo la matawi yakinukia kafuri. "Mama, hivyo vilikuwa vichaka tu," akaniambia. "Tutakupandia ua mzuri."

Ua huo mzuri ulikuwa wa duranta ya manjano, na mbele ya nyumba tukatandika nyasi. Januari na Februari nililipia lori la maji kila wiki. Udongo wa kwetu ni majivu ya volkeno na changarawe nyepesi. Maji unayoyamwaga asubuhi, jioni huyaoni. Kabla ya mvua ndefu kuanza, nusu ya ua ilikuwa imekauka. Wakati huohuo, katika kona mbili ambazo tingatinga halikung'oa mizizi sawasawa, visiki vya leleshwa vilikuwa vimechipua. Hakuna aliyevimwagilia hata kikombe. Nilisimama pale nikaona uchungu kwa zile kumi na mbili.

Tangu siku hiyo nimeuchunguza mmea huu kwa karibu. Shika jani lake: juu ni la kijani kilichofifia, chini limefunikwa na manyoya mafupi meupe, laini kama blanketi. Manyoya hayo hupunguza maji yanayopotea kwa jua na upepo, na ndiyo yanayoupa mmea ile rangi ya fedha. Majani hayapukutiki yote kiangazi kikija, kwa hiyo mwaka mzima una kitu cha kutazama. Maua yenyewe ni madogo, ya rangi ya maziwa, lakini mbegu zake hujifunga ndani ya pamba nyeupe. Ila si kila leleshwa huzaa pamba. Kuna dume na kuna jike, kila moja kwenye mti wake, na jike ndilo lizaalo. Ukitaka pamba, acha kadhaa.

Kuotesha si kazi ngumu ukiwa na subira. Chukua mbegu zikiwa mbichi bado, pamba ikianza tu kupeperuka, uzisie kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo. Miche ihamishe mvua zinapoanza, ili mizizi ipate miezi ya kushuka chini. Mwaka wa kwanza imwagilie mara chache lakini kwa wingi, kisha iache. Nimeona watu wakiipenda mpaka wakaiua kwa maji. Mahali panapotuama maji, mizizi huoza. Ukitaka ua, ikate ncha ingali midogo ili itoe matawi mengi. Usipoikata, itakuwa mti unaoweza kupita mita tano.

Jambo moja nisilolificha: majani yana mafuta, na leleshwa huwaka hata ikiwa mbichi. Usiipande ubavuni mwa jiko la kuni wala karibu na paa la makuti.

Wengi huniambia leleshwa ni ya makaa. Ni kweli makaa yake ni mazuri, na ndiyo sababu malori yamebeba magunia na magunia kutoka bonde hili. Lakini Wamaasai wameijua kwa mengine pia. Fito zake hujenga nyumba, na majani yake hutiwa kwapani kama manukato. Kuna hata watu wanaokamua mafuta yake na kuyauza. Mmea wenye kazi zote hizo kuuita kichaka tu, kisha kulipia miche isiyoijua nchi hii, naona ni kujidhulumu.

Visiki vyangu viwili sasa vimenipita kimo. Kimoja ni jike. Mwaka huu kimetoa pamba kwa mara ya kwanza, nami nimekwisha jaza mfuko wa mbegu. Jirani yangu ameanza kujenga, na wiki ijayo tingatinga linakuja kwake. Jana jioni tulizunguka ploti yake pamoja, tukafunga vitambaa vyekundu kwenye leleshwa tisa.