Kilo za Pikapu: Nini Kishuke, Nini Kibaki

Mizani ya muuza vyuma chakavu haina heshima kwa mtu. Jumamosi moja nilipeleka pikapu yangu kwa fundi wa Kariobangi Light Industries, na kwa kuwa jirani yake hununua chuma kwa kilo, tukaomba kupima kila tulichokifungua. Hema la juu ya paa, kilo 64. Keria iliyolibeba, 46. Spea tairi ya pili na rimu yake, 37. Sanduku la spana, 31. Ile jeki ndefu ya kuinulia gari matopeni, 13. Waya wa winchi, ile mashine ya mbele ya kuvutia gari lililokwama, na ndoano yake, 11. Jumla, 202. Muuza chuma akanitazama kwa matumaini. Nikamwambia pole mzee, haviuzwi.

"Sasa huwa unavibeba vya nini?"

Swali hilo limegawanya wapenda 4x4 wa Nairobi pande mbili. Wapo wanaoamini gari la nyikani ni chuma, na chuma kikizidi ndipo usalama unapozidi. Wapo pia wanaotaka kukata kila kitu hadi gari libaki mifupa, na mfano wao mkubwa ni Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangisha pesa za ua wa umeme wa Aberdare. Pale magari hupewa muda wa saa 10 kufika vituo 13, na anayeshinda si mwenye kasi bali aliyefika vyote kwa umbali mfupi zaidi. Ukikata moja kwa moja kupitia korongo badala ya kulizunguka, kila kilo unayopandisha ukingoni unailipia. Lakini gari lile siku ya mashindano halibebi godoro la watoto, wala halirudi na magunia mawili ya viazi kutoka Kinangop.

Wapunguza uzito wana hoja moja ambayo mtu wa Mombasa haimsumbui. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda. Chukua Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, dizeli ya kizamani isiyojua haraka. Pwani ina nguvu za farasi kama 130. Ikifika hapa, farasi wapatao 20 wamebaki Mombasa, na ukielekea Limuru unawaacha wengine njiani. Ukiteremka Mai Mahiu upande wa pili, uzito uleule ulioihangaisha injini unageuka joto ndani ya breki.

Kwenye matope ubishi huwa mtamu zaidi. Gerejini utaambiwa kwamba gari zito hushika chini vizuri. Ni kweli nusu. Juu ya mwamba au changarawe kavu, tairi hushika kadiri ya uzito unaolikandamiza, ila mlima nao hukuvuta nyuma kwa kadiri ileile, hivyo hujapata faida wala hasara. Mchanga mkavu wa laga, yaani mto wa msimu, hupata nguvu kwa chembe kukandamizana, kwa hiyo uzito unasaidia kidogo huku ukichimba. Udongo mweusi wa Kitengela na Kajiado ni habari nyingine kabisa. Ukilowa, nguvu zake zinatokana na kunata kwake na ukubwa wa sehemu tairi linapogusa, basi. Ukiongeza kilo 100 hushiki zaidi, unazama zaidi. Nimeusukuma mkokoteni wa namna hiyo nyuma ya Isinya, viatu vimebeba udongo wa uzito wa tofali kila mguu, na hapo ndipo niliposadiki.

Hata hivyo wapunguza uzito hawapendi kusikia hesabu ya upepo wa tairi. Pikapu yangu ikiwa na mizigo na watu hufika kama kilo 2,700. Zile 202 ni asilimia saba na nusu. Nikitoa upepo kutoka pauni 35 hadi 18, tairi linatandazika na kugusa eneo kubwa zaidi kwa kiasi ambacho msumeno hautakupa kamwe, na kutoa upepo ni bure. Unachohitaji ni pampu ndogo ya kuurudisha kabla hujaingia lami. Mtu aliyetumia miezi mitatu kupunguza kilo, kisha akaingia matopeni na pauni 35 kwenye tairi, amefua nguo akaianika vumbini.

Wapenda chuma nao hawajakosa la kusema. Pikapu ya kazi imefungwa springi za nyuma za kubeba tani moja. Ikiwa tupu, springi hizo hazijui pa kupeleka ukakamavu wao. Kwenye barabara ya changarawe yenye mbavu, matairi ya nyuma hurukaruka badala ya kugusa chini, na kona ndogo tu inatosha kukugeuza ukatazama ulikotoka. Madereva wa zamani hutupa mifuko miwili ya mchanga nyuma, na hawajakosea. Kwa hiyo ukiipunguzia pikapu uzito bila kugusa springi, umeiharibu kwa bidii.

Aluminiamu je? Uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma kwa ujazo uleule, jambo linalowafanya wauzaji wa keria za kisasa watabasamu. Hawataji kwamba ukakamavu wake nao ni kama theluthi, hivyo lazima iwe nene zaidi, na akiba inapungua. Kisha kuna jambo la fundi. Chuma kikipasuka Maralal, utapata mtu mwenye mashine ya kuchomelea, miwani ya jua badala ya ngao, na utaendelea na safari kabla ya chai ya jioni. Aluminiamu inataka gesi na mkono uliozoea. Land Rover ilitumia bodi za aluminiamu tangu 1948 kwa sababu chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita. Kuwa jepesi haikuwa shabaha kuu, na chini yake chesisi ilibaki chuma.

Land Rover hiyohiyo ina kisa ninachokipenda. Mwishoni mwa miaka ya 1960 jeshi la Uingereza lilitaka gari linaloweza kuning'inizwa chini ya helikopta ya Wessex, wakatengenezewa linaloitwa Lightweight. Likiwa na milango, turubai, kioo na bampa zake zote, lilikuwa zito kuliko Land Rover fupi ya kawaida. Wepesi wake wote ulikuwa kwenye urahisi wa kufungua: unavua unachoweza, helikopta inainua, mkifika mnavirudisha.

Nadhani waliona mbali kuliko sisi wenye misumeno. Huku kwetu mtu hukata mabano ya chini, hutoa chuma cha kukinga tangi la mafuta, huchomoa viti vya nyuma na mikanda yake, kisha siku ya ukaguzi au ya kuuza gari anaanza kueleza. Uzito alioutoa ni kilo 30. Juu ya paa hema bado limekaa, nalo hufunguliwa Krismasi hadi Krismasi. Kilo 110 za hema na keria pale juu ni tatizo kubwa kuliko 110 sakafuni, kwa sababu gari likilalia upande kwenye mteremko, juu ndiko kunakolivuta kuanguka. Vilevile mzigo unaoning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, hasa kwenye pikapu ya kebini mbili, ndio unaopinda chesisi.

Bampa ya chuma ya mbele nilitaka ishuke. Fundi akaacha spana.

"Mkubwa, ukiondoa hii, ng'ombe wa Kajiado atakuja kukaa na wewe hapo mbele."

Nimekutana na punda wa barabara ya Namanga saa mbili usiku, sikubishana naye. Bampa imebaki, na ninajua inainamisha pua ya gari na kuchosha springi za mbele.

Waya wa winchi sikuurudisha. Kamba ya nyuzi ya urefu uleule ina kilo tatu hivi, na ikikatika hairudi kama mjeledi wa kumkata mtu miguu. Inataka mfuniko maana jua linaila, na kwenye miamba yenye makali itachanika mahali ambapo waya ungekwaruzika tu. Kwangu mimi niendaye matopeni zaidi ya mawe, hesabu imekubali.

Hema na keria viko ukutani nyumbani, vimefungwa kwa bolti nne ninazoweza kuzikaza peke yangu siku ya safari ndefu. Spea ya pili nayo ni ya Turkana na Chalbi, si ya Ngong. Spana nilizipunguza zikabaki kilo 14. Tangi la lita 130 halijai tena kwa safari ya Jumapili: dizeli lita moja ni gramu 840 hivi, na tangi zima ni mtu mzima mnene. Maji sikuyagusa. Lita 20 ni kilo 20, na sitaki mtu aniambie lolote kuhusu hizo.

Jeki ndefu imerudi mahali pake, kwa kuwa fundi alininunia hadi nikairudisha.

Tulipomaliza, nilimpelekea muuza chuma ule waya mzee, ili naye asiwe ameshinda akitazama tu. Akauweka mizanini. Mizani ikasema 11. Yeye akasema kumi.