Tunamkagua Asiibe, Kisha Tunamkabidhi Mtoto

Juzi nimesimama mbele ya meza ya kubadilishia nepi, pembeni mkaguzi na fomu yake, ukutani hatua zote zimebandikwa, na mimi niliyelea wadogo zangu tangu nikiwa shule ya msingi nawekewa alama. Nikamaliza. Mtoto msafi, katulia. Mkaguzi akasema nitapimwa tena wiki ijayo, kisa nimemnyanyua mtoto bila kumwambia kwanza kwamba namnyanyua. Mtoto wa miezi saba! Nilitoka pale nimevimba.

Nipo Melbourne, nasomea Cheti cha Daraja la III cha malezi ya watoto wadogo. Hicho ndicho kiwango cha chini cha kuingia kwenye kazi hii Australia: kama huna, uwe angalau unakisomea. Kuna saa 160 za vitendo kituoni, kuna huduma ya kwanza, kuna kuchunguzwa rekodi yako ya jinai kabla hujaachiwa mtoto wa mtu. Hapa jimbo la Victoria, kwa walio chini ya miaka 3, mlezi 1 hapewi zaidi ya watoto 4.

Nilipoyasema haya kwenye kundi la familia, shangazi akajibu: "Yaani umepanda ndege kwenda kusomea ubeki tatu?" Emoji za kucheka zikamiminika. Ndiyo, shangazi. Na ubeki tatu ulitakiwa kusomewa siku zote.

Maana kwetu Tanzania inakuwaje? Binti wa kazi anashuka Stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, jioni akitokea Singida, kesho yake alfajiri mama mwenye nyumba anawahi kazini. Hapo katikati tumemuuliza nini? Barua ya serikali ya mtaa, namba ya simu ya mjomba, nani anamdhamini. Anaonyeshwa jiko la gesi na kamba ya kuanikia nguo, anapewa mtoto. Vyote tulivyouliza ni vya kuzuia asituibie. Hakuna aliyemuuliza atafanya nini mtoto akipaliwa, na hata angeulizwa, muulizaji mwenyewe jibu lake ni kumpuliza utosini. Huku nimefundishwa kumlaza mtoto mchanga kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, na kumpiga kwa kiganja katikati ya mabega hadi mara 5, nikiangalia kila pigo kama kilichokwama kimetoka. Kikigoma, namgeuza chali na kumbonyeza kifuani. Tulifanyia mazoezi mwanasesere hadi mkono ukazoea, na wala halikuwa somo la mwaka mzima.

Najua mnachosema. "Mbona sisi tumelelewa na madada na tumekua?" Tumekua, ndiyo. Ambao hawakukua hawana simu ya kubishania.

"Umeshakuwa mzungu." Jamani, hawa nao wamezidi! Unaandika mtoto kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi, kala kiasi gani, nepi imebadilishwa na nani. Siku nikimfunga khanga mgongoni mtoto aliyegoma kulala, nadhani kitaitishwa kikao. Wadogo zangu walilala mgongoni kwangu huku nachota maji, na ule usingizi sijaona darasa la huku linaloufundisha. Hicho ni chetu, na anayeniambia ni ushamba tutagombana.

"Sheria hata kwetu zipo." Zipo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na mwaka 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya malezi na makuzi ya watoto wadogo. Nafurahi, kweli. Ila mtoto wa Tabata hayupo kituoni. Yupo sebuleni na binti wa miaka 17 ambaye pia ana sufuria jikoni na ndoo mbili za nguo zinamsubiri, na mlango huo afisa ustawi wa jamii hapigi hodi.

"Sasa hayo mafunzo nani alipie?" Wewe. Uliyelipa nauli yake na ukampa dalali chake. Msalaba Mwekundu wanafundisha huduma ya kwanza. Mpeleke kabla hujamwachia mtoto, na wewe mwenyewe ukae naye benchi moja. Mtasema akishapata cheti atataka mshahara mkubwa, au atahamia kwa jirani. Atataka. Mwongeze.