Wahamie Nairobi, na vikao waje navyo

Shangazi yangu analima mwani ufukweni Kwale, kule kusini karibu na mpaka wa Tanzania. Maji yakipwa anashuka na wenzake, wanafunga mbegu ya mwani kwenye kamba, kipande kimoja baada ya kingine, mgongo umepinda mpaka bahari ianze kurudi. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi chao. Miaka michache iliyopita alialikwa New York, kwenye kikao cha Tume ya Hali ya Wanawake kinachofanyika kila Machi makao makuu ya Umoja wa Mataifa. Nilimnunulia koti la baridi, nikalitundika nyuma ya mlango wa chumba changu hapa Bronx. Akapanda basi usiku kucha hadi Nairobi kuomba viza, akaulizwa maswali matatu, akanyimwa. Koti bado limetundikwa palepale.

Ndiyo maana habari za mwaka 2025, kwamba mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto (UNICEF), ya idadi ya watu na afya ya uzazi (UNFPA) na ya wanawake (UN Women) yatahamishia Nairobi sehemu ya shughuli zake za New York, sikuzisoma kama habari za ofisi na meza. Wakenya wenzangu wa huku wamegawanyika. Wapo wanaosema Nairobi haiko tayari, wapo wanaoshangilia kama mpira umeingia wavuni. Mimi nasema wahame, tena wasiishie nusu ya safari.

Kazi yangu ni kumtunza ajuza mmoja upande wa mashariki wa Manhattan. Kila asubuhi nashuka Grand Central kutoka treni ya namba 4, naelekea First Avenue, na lile jumba la vioo la Umoja wa Mataifa nalipita kama mtu anavyopita duka la jirani. Mimi ambaye sikualikwa, nauli ya treni inanifikisha langoni. Shangazi mwenye barua ya mwaliko hakufika hata uwanja wa ndege. Hilo pekee lilitosha kunionyesha kwamba jumba limejengwa mbali na wanaozungumzwa ndani yake.

Kisha kuna pesa. Kwa chumba kimoja chenye jiko pembeni nalipa dola 1,700 kwa mwezi, na hiyo ni Bronx, si Manhattan. Maofisa wa kimataifa wana nyongeza ya mshahara inayopangwa kwa kufuata gharama za jiji wanalofanyia kazi, kwa hiyo ughali wa New York unaingia moja kwa moja kwenye bajeti ya chanjo na ya wakunga. Machi 2025 Katibu Mkuu Guterres alianzisha UN80, mpango wa kubana matumizi na kupanga upya Umoja wa Mataifa, kwa sababu fedha zimepungua. Shirika la watoto likiwa na shida ya fedha, mtu mwenye akili ataangalia kwanza kodi ya nyumba.

Nairobi si mgeni wa jambo hili. Mwaka 1972 nchi zinazoendelea zilishikamana katika Baraza Kuu, shirika la mazingira UNEP likapelekwa Nairobi, wakati wengi Ulaya na Marekani waliona haiwezekani. Lilianza katika vyumba vya katikati ya mji kabla ya kuhamia Gigiri, mtaa wa kaskazini mwa Nairobi, ambako leo Umoja wa Mataifa una ekari 140. UN-Habitat, shirika la makazi, nayo imekuwa Nairobi tangu 1978. Zaidi ya miaka hamsini watu wanakwenda kazini, mikutano inafanyika.

Wapinzani wanataja usalama, na sitawafunika macho. Juni 2024 vijana waliandamana hadi Bungeni, wakapigwa risasi, wakafa. Niliangalia kwa simu nikiwa kazini, mikono ikitetemeka, nikashindwa hata kupima dawa. Serikali inayomkaribisha UNICEF sebuleni lazima iulizwe kuhusu watoto wake yenyewe, na ni vyema muulizaji awe jirani anayesikia mabomu ya machozi kwa masikio yake.

Linaloniuma zaidi ni kodi. Mdogo wangu anakaa bedsita Ruaka, dakika chache kutoka Gigiri. Juzi kanipigia, mwenye nyumba kapandisha kodi akisema "watu wa UN wanakuja". Runda, mtaa wa matajiri jirani na Gigiri, nyumba zinapangishwa kwa dola, na ng'ambo tu ya ukuta wanakaa watu wa mtaa duni wa Githogoro, wanaofua na kupika ndani ya nyumba hizo hizo. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwenyeji huyo asiwe mwenye ploti peke yake. Makarani, madereva na wahasibu wa mashirika haya huajiriwa pale pale ofisi ilipo. Kazi hizo zitangazwe wazi, zifike hadi Kwale na Turkana, zisigawanywe kwa kujuana. Hapo ndipo Kenya inapaswa kuwa ngumu mezani, kuliko kushindana kupiga picha na wageni.

Na nusu nyingine ya safari ni vikao. Ofisi zikihama na kikao cha Machi kikabaki New York, shangazi atakuwa palepale alipokuwa. Msiniambie haiwezekani. Mwaka 1988 Marekani ilimnyima viza Yasser Arafat, kiongozi wa Wapalestina, na Baraza Kuu lenyewe likafunga safari hadi Geneva ili limsikilize. Kama lilihama kwa ajili ya mtu mmoja, tume ya wanawake inaweza kukaa Gigiri walau mwaka mmoja kati ya miwili, kwa ajili ya maelfu wanaorudishwa dirishani.

Nimeshampigia hesabu. Alfajiri anavuka kivuko cha Likoni, anapanda treni Miritini, kituo cha Mombasa, kwa shilingi 1,500, na jua halijazama yuko Nairobi, kamba zake za mwani kaachia wenzake siku nne tu. Kila Machi ananiuliza kama lile koti bado lipo. Namwambia lipo, shangazi. Lakini Nairobi mwezi wa Machi ni joto, aje na leso yake tu.